Bunduki Ikitoka Mkono Mmoja Kwenda Mwingine: Kazi ya Duka Lenye Leseni Marekani

Ndugu zangu, mabibi na mabwana,

Mazungumzo yetu ni ya jambo moja. Mtu anaishi Marekani, ana bunduki au bastola yake halali, anataka iwe ya mtu mwingine, na hataki kuvunja sheria. Nitatumia neno makabidhiano badala ya mauzo, kwa sababu sheria haijali sana kama pesa imelipwa. Unaweza kuuza, ukatoa zawadi, ukabadilishana na jenereta. Kinachoulizwa ni silaha imetoka mkono upi na imeingia mkono upi.

Wengi huliingia jambo hili na picha ya gari kichwani. Gari lina kadi: unasaini, jina linabadilika, mambo yamekwisha. Bunduki ya kawaida haina kadi ya namna hiyo katika sheria ya shirikisho, na hakuna ofisi ya shirikisho yenye orodha ya kila bunduki na mwenyewe. Kilichopo ni mnyororo wa madaftari. Kila duka lenye leseni ya shirikisho huandika silaha iliyoingia na aliyeileta, kisha iliyotoka na aliyeichukua. Ukipita dukani, unaongeza pete moja kwenye mnyororo huo.

Hapo ndipo watu wanapokosea tangu mwanzo. Humchukulia mwenye duka kama shahidi, mtu wa kutazama wawili wakipeana kitu kisha asaini chini ya karatasi. Siye shahidi. Kisheria silaha inaingia mikononi mwake kutoka kwako, na ni yeye anayemkabidhi mwenzako, kwa taratibu zilezile ambazo angetumia kuuza bunduki mpya ya rafuni. Leseni iliyo hatarini ni yake. Ukilishika hilo, masharti yanayoonekana kama usumbufu yatakaa sawa kichwani.

Sasa, ni lini lazima kupita dukani?

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya mwaka 1968 ndiyo mama wa haya yote, na kwa watu wasio na leseni ya biashara ya silaha kanuni yake kubwa ni mpaka wa jimbo. Mkazi wa Texas asiye na leseni haruhusiwi kumkabidhi silaha mkazi wa Ohio asiye na leseni. Haijalishi kwamba ni ndugu wa tumbo moja, wala kwamba hakuna senti iliyotoka. Mdogo mtu akitoka Ohio kumtembelea kaka yake Texas, akarudi na bastola ya kaka kwenye begi, wote wawili wana kesi: mmoja kwa kutoa, mwingine kwa kuivusha hadi jimbo lake. Mianya iliyoachwa ni miwili. Mmoja ni silaha ya urithi, kwa wosia au kwa mirathi isiyo na wosia. Wa pili ni kuazimana kwa muda kwa ajili ya uwindaji au michezo halali ya shabaha. Huu wa pili watu hupenda kuupanua. Azima isiyo na tarehe ya kurudi ni vigumu kuiita azima mbele ya hakimu.

Katika kuvuka mpaka, bastola na bunduki ndefu zina njia tofauti. Bastola au rivolva lazima ikabidhiwe na duka lililo katika jimbo anakoishi mpokeaji. Raifo au shotigani inaweza kukabidhiwa na duka la jimbo lolote, ana kwa ana, mradi sheria za majimbo yote mawili zimetimizwa. Hata hivyo maduka mengi hayataki mzigo wa kujua sheria za jimbo la mbali, hasa likiwa jimbo kama California. Watakwambia bunduki itumwe kwa duka la huko, na wana haki ya kusema hivyo. Hakuna sheria inayomlazimisha mwenye leseni kukubali kila kazi.

Ndani ya jimbo moja, sheria ya shirikisho haiwalazimishi wakazi wawili wasio na leseni kupita dukani. Majimbo ndiyo yanayoamua. California imelazimisha tangu 1991, Colorado tangu 2013, Washington ilipitisha kwa kura ya wananchi 2014, Oregon ikafuata 2015, Nevada ikaanza Januari 2020. Yako mengine, na kila jimbo lina misamaha yake, mara nyingi kwa zawadi kati ya watu wa familia ya karibu. Usichukue msamaha wa jimbo alikokaa shemeji yako ukadhani ni wako. Tena, hata pale ambapo sheria haikulazimishi, unaweza kupita dukani kwa hiari, na kwa maoni yangu anayemuuzia mtu asiyemjua vizuri akaacha njia hiyo anajitafutia matatizo. Sheria inakukataza kumkabidhi mtu ambaye unajua, au una sababu ya msingi ya kuamini, kwamba haruhusiwi kuwa na silaha. Wewe huna uwezo wa kumkagua. Duka linao.

Vitu viwili niviweke pembeni. Bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale, na sheria ya 1968 haiiiti bunduki. Sheria za jimbo zinaweza kuwa na neno lake. Upande wa pili kuna viziba sauti, bunduki za rashasha, raifo zenye mtutu ulio chini ya inchi 16 na shotigani zenye mtutu ulio chini ya inchi 18. Hizo zina fomu zake, na kibali hupatikana kabla silaha haijatoka mkononi. Ninayoeleza leo hayatoshi kwa vitu hivyo, na anayeziweka kapu moja na bunduki ya kawaida anacheza na miaka ya jela.

Turudi kwenye duka. Anza kwa simu, usianze kwa kwenda. Uliza kama wanafanya makabidhiano ya watu binafsi, wanatoza kiasi gani, siku gani na saa ngapi. FBI haimtozi mwenye duka chochote kwa ukaguzi wa shirikisho, ule wa kutazama kama mpokeaji anaruhusiwa kuwa na silaha, kwa hiyo ada unayolipa ni ya kazi yake, na hujipangia mwenyewe isipokuwa pale jimbo lilipoweka ukomo. Colorado duka haliruhusiwi kuzidisha dola 10 kwa kazi hiyo. California ukomo wa duka ni dola 10 kwa kila silaha, juu ya ada za jimbo lenyewe. Kwingine bei hutofautiana sana hata ndani ya mji mmoja, na duka linalouza bunduki za aina hiyohiyo mara nyingi hutoza zaidi kwa bunduki uliyonunua kwingine. Si uonevu: umemleta mshindani wake afanyiwe kazi kwenye kaunta yake.

Leseni yenyewe ina aina. Aina ya 01 ni ya muuza silaha, 02 ni ya duka la rehani, 07 ni ya mtengenezaji, na wote hawa wanaweza kukufanyia makabidhiano. Aina ya 03 ni ya mkusanyaji wa silaha za kihistoria. Huyo ana leseni ya kweli, yenye namba ya kweli, lakini hana ruhusa ya kukabidhi silaha za watu wengine kibiashara, na wapo watu waliotuma bunduki kwake wakidhani leseni ni leseni. Kuhakikisha ni rahisi. ATF, idara ya serikali inayosimamia leseni hizi, ina ukurasa kwenye intaneti ambapo unaingiza tarakimu tatu za kwanza na tano za mwisho za namba ya leseni. Utaona jina, anwani na tarehe ya kuisha. Leseni hudumu miaka mitatu. Linganisha anwani unayoiona pale na ile uliyopewa kwa barua pepe, herufi kwa herufi. Nakala ya leseni iliyochakachuliwa hubadilishwa anwani tu, vingine vyote huachwa sahihi.

Kama silaha inasafiri kwenda jimbo lingine, una njia mbili. Unaweza kulipa duka la kwenu litume kwa duka la kule, au utume mwenyewe. Sheria ya shirikisho inamruhusu mtu asiye na leseni kutuma silaha kwa mwenye leseni wa jimbo lolote, ila kampuni kubwa za usafirishaji zina masharti yao makali kuliko sheria, na nyingi hupokea silaha kutoka kwa wenye leseni tu. Posta nayo ina kanuni zake za bastola. Ushauri wangu ni kulipa duka. Unalipa mara mbili, kule na huku, lakini kifurushi kinatoka kwa mtu anayetuma vitu hivyo kila wiki.

Ukituma mwenyewe pale inaporuhusiwa, yapo mambo ya kushika. Zungumza na duka la kupokea kwanza, wakutumie nakala ya leseni iliyosainiwa. Silaha iwe tupu: magazini (kibebeo cha risasi) imetolewa, chemba (mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa) imefunguliwa na kutazamwa kwa macho na kuguswa kwa kidole. Risasi zisiwemo kwenye boksi hilo. Nje ya boksi pasiandikwe chochote kinachosema ndani kuna bunduki. Sheria yenyewe inamkataza msafirishaji kudai alama ya namna hiyo. Ndani weka karatasi yenye jina lako kamili, anwani, simu, jina la mpokeaji wa mwisho, pamoja na nakala ya kitambulisho chako. Karatasi hiyo ndiyo kitu cha pili kwa umuhimu baada ya bunduki yenyewe. Mwenye duka anatakiwa kuandika kwenye daftari jina na anwani ya aliyemletea. Boksi likifika bila jina, bunduki hukaa kabatini, mnunuzi anapiga simu kila siku, na wewe unaitwa tapeli kwenye ujumbe wa simu kwa sababu ya karatasi moja. Angalia pia magazini: California hairuhusu zinazobeba zaidi ya risasi 10, kwa hiyo toa kubwa kabla hujafunga boksi.

Kama wote mko mji mmoja, nendeni pamoja. Bunduki ibaki kwenye mkoba wake mpaka mhudumu aiombe. Usiichomoe kiunoni ukaiweka kaunta. Mhudumu ataifungua mwenyewe, atatazama chemba, kisha ataanza kusoma.

Kusoma huko kunataka subira, na makosa mengi huzaliwa hapo. Fomu ya makabidhiano inaitwa Fomu 4473. Sehemu yake ya kwanza, Sehemu A, hujazwa na duka kabla mpokeaji hajashika kalamu: mtengenezaji, mwagizaji kama bunduki ilitoka nje ya nchi, modeli, namba ya silaha, aina, na kipimo cha risasi. Pana pia kisanduku cha kuonyesha kwamba ni makabidhiano ya watu binafsi. Mwagizaji husahaulika sana. Chukua bastola ya Glock iliyotengenezwa Austria: jina la kampuni ya Austria lipo, na jina la kampuni ya Smyrna, Georgia, iliyoiingiza Marekani lipo pia. Yote mawili yanatakiwa. Kwenye raifo kuukuu za kijeshi jina la mwagizaji huwa limechongwa kwa herufi ndogo kama mchanga, mara nyingi kwenye mtutu karibu na mdomo, chini ya vumbi la miaka.

Namba nayo ina ujanja wake. Kwenye bastola nyingi utakuta namba kwenye fremu, yaani mwili wa chini wenye mshikio, kwenye kipande cha juu kinachoteleza, na kwenye mtutu. Inayohesabika kisheria ni ya fremu. Vipande vya juu hubadilishwa; mtu aliyenunua kipande kingine kwa ajili ya mashindano anaweza kuwa na bastola yenye namba mbili tofauti bila kosa lolote, lakini mhudumu akinakili ya juu, daftari limeshakuwa na silaha isiyokuwepo. Halafu kuna sifuri na herufi O, moja na herufi I, tano na S. Mhudumu mzuri husoma kwa sauti, na mwenye silaha naye aisome mwenyewe kwa tochi, kutoka kwenye chuma, si kutoka kwenye boksi. Boksi za bastola hubadilishana wenyewe kama vifuniko vya sufuria.

Raifo ndogo na shotigani za kabla ya 1968 zinaweza kukosa namba kabisa, na hilo si kosa. Huandikwa kwamba hazina. Namba iliyokwaruzwa au kufutwa ni habari nyingine. Ni kosa la shirikisho kuwa na silaha hiyo ukijua, na hakuna duka makini litakaloiingiza kwenye daftari lake. Usijaribu kuirekebisha. Zungumza na wakili kabla hujaibeba kwenda popote.

Sehemu B ni ya mpokeaji, kwa mkono wake mwenyewe. Kama hawezi kusoma au kuandika, mtu mwingine asiye muuzaji anaweza kumjazia majibu, na watu wawili wasio wauzaji wakasaini kama mashahidi. Saini ya mpokeaji inabaki kuwa yake. Jina liwe kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Asiye na jina la kati aandike NMN. Sisi wenye majina matatu au manne, ambayo kwenye leseni ya udereva yamekatwa na kwenye hati ya uhamiaji yamepangwa kinyume, tunapaswa kulimaliza jambo hilo nyumbani, siyo pale kaunta foleni ikiwa nyuma yetu.

Anwani iwe ya mahali unapolala. Sanduku la posta halikubaliki. Kuna nafasi ya kaunti, kwa Kiingereza county, na watu wengi, hata waliozaliwa Marekani, hulisoma neno hilo haraka kama country wakaandika jina la nchi. Fomu hurudishwa. Kitambulisho kiwe cha serikali, kilicho hai, chenye picha, jina, tarehe ya kuzaliwa na anwani. Umehama na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani? Ongeza hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano kadi ya usajili wa gari. Bili ya simu haifai, kwa kuwa haikutolewa na serikali. Namba ya hifadhi ya jamii ni hiari, lakini kwa mtu mwenye jina linalobebwa na wengi ninaona ni busara kuiandika. Ukaguzi huanza na jina na tarehe ya kuzaliwa, na kufanana jina na mhalifu aliyezaliwa siku moja nawe si jambo la kuchekesha.

Umri: kupitia dukani, miaka 21 kwa bastola na miaka 18 kwa raifo na shotigani. Fremu tupu ambayo bado haijawa bunduki kamili nayo ni 21. Majimbo mengine yamepandisha.

Kuhusu uraia, kwa kuwa najua swali hili litakuja. Mwenye grini kadi anaruhusiwa, na ataandika namba yake ya uhamiaji. Ukaguzi wake unapitia pia kumbukumbu za uhamiaji, kwa hiyo asishangae ukichelewa. Aliyeingia kwa viza isiyo ya uhamiaji, ya masomo, ya matembezi au ya kazi ya muda, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa ana msamaha uliotajwa na sheria, kama leseni hai ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani, na aje nayo mkononi. Aliyeko nchini bila kibali haruhusiwi kabisa, na kumsaidia kuvuka hapo ni kumpeleka pabaya zaidi.

Kisha yanakuja maswali ya ndiyo na hapana. Je, umeshtakiwa au umepatikana na hatia ya kosa linaloweza kufungwa zaidi ya mwaka mmoja? Angalia: linaloweza, si ulilofungwa. Aliyepewa adhabu ya nje kwa kosa ambalo sheria yake inaruhusu miaka mitatu bado anajibu ndiyo. Je, umewahi kupatikana na hatia ya ukatili wa nyumbani, hata kama ni kosa dogo? Je, uko chini ya zuio la mahakama la kutomkaribia mwenzi? Na lile la dawa za kulevya, ambalo limewaangusha wengi: fomu inaonya kwamba bangi bado ni haramu kwa sheria ya shirikisho hata pale jimbo lilipoihalalisha. Mtu anatoka kwenye duka halali la bangi, anavuka barabara, anaingia kwenye duka la bunduki, anaandika hapana. Ametia saini uongo unaoweza kumfunga hadi miaka 10.

Swali ninalotaka mkae nalo zaidi ni lile la mnunuzi halisi: je, wewe ndiwe mpokeaji wa kweli wa silaha hii? Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski, kwa kura 5 dhidi ya 4. Huyu alikuwa polisi wa zamani, mkazi wa Virginia. Mjomba wake wa Pennsylvania alitaka bastola ya Glock 19, naye akajitolea kuinunua akitarajia punguzo la polisi. Mjomba akamtumia hundi ya dola 400. Akanunua, akajibu kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi, kisha akaipeleka Pennsylvania na kumkabidhi mjomba kupitia duka lenye leseni, kwa fomu na ukaguzi. Mjomba hakuwa na doa lolote. Bado mpwa alitiwa hatiani, na Mahakama ikaithibitisha hukumu. Makabidhiano ya pili yalikuwa safi kama pamba. Uongo ulikuwa kwenye fomu ya kwanza, siku ile aliponunua kwa pesa ya mwingine akasema ni yake.

Zawadi ya kweli ni tofauti. Ukinunua kwa pesa yako, kwa uamuzi wako, ili umpe mkeo au mwanao mtu mzima anayeruhusiwa, wewe ni mnunuzi halisi. Pesa yake ikiingia, au kama ametuma mtu kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kupita ukaguzi, huo ni ununuzi wa kivuli. Tangu Juni 2022 kuna kifungu maalumu cha kosa hilo, na adhabu yake inafika miaka 15. Ndiyo maana mhudumu akimwona rafiki anachagua bunduki, rafiki anatoa noti, halafu wewe ndiye unayejaza fomu, atafunga kitabu na kuwaaga. Hana haja ya ushahidi. Wasiwasi unamtosha.

Fomu ikikamilika, duka linapiga simu au linaingia kwenye mfumo wa FBI uitwao NICS, wenye makao yake Clarksburg, West Virginia. Uliwashwa Novemba 30, 1998, miaka mitano kamili baada ya kusainiwa kwa sheria inayobeba jina la James Brady, msemaji wa Rais Reagan aliyepigwa risasi Machi 1981. Majimbo mengine hupitisha ukaguzi kwa polisi wao. Mengine hukubali kibali cha kubeba silaha badala ya ukaguzi, ingawa fomu lazima ijazwe vilevile.

Majibu ni matatu: endelea, subiri, umekataliwa. Mara nyingi jibu la kwanza huja ndani ya dakika chache. Jibu la kusubiri ndilo linalozua kelele, na kelele nyingi ni za hesabu. FBI ina siku tatu za kazi, na siku ya kupiga simu haihesabiwi. Ukikaguliwa Alhamisi, siku zako ni Ijumaa, Jumatatu na Jumanne. Duka linaweza kukabidhi Jumatano, kama hakuna sikukuu katikati na jimbo halina sharti refu zaidi. Linaweza, halilazimiki, na maduka mengine yana msimamo wa kutokabidhi bila jibu kamili. Nawaelewa: jibu la kukataliwa likija baada ya makabidhiano, ATF hutumwa kuifuata silaha nyumbani kwa mtu. Kwa aliye chini ya miaka 21, kama kuna jambo la kufuatilia, muda unaweza kufika siku 10 za kazi. Ukaguzi mmoja hudumu siku 30; zikipita bila silaha kuchukuliwa, unaanza upya.

Kusubiri kwa ukaguzi kusichanganywe na kusubiri kwa jimbo. California hata ukipita ukaguzi asubuhi hiyohiyo unangoja vipindi 10 vya saa 24, vinavyohesabiwa tangu dakika maombi yalipotumwa. Ukifika saa moja kabla, rudi nyumbani.

Akikataliwa, duka haliambiwi sababu, na kumgombeza mhudumu hakusaidii. Mwombe namba ya muamala wa NICS, kisha andika rufaa moja kwa moja kwa FBI. Aliyekwama kwa kufanana jina, rufaa ikifanikiwa, anaweza kuomba kuwekwa kwenye faili la hiari na kupewa namba maalumu ya kuandika kwenye fomu zake zijazo.

Na bunduki inarudi kwa nani? Kama mwenyewe alikuwepo muda wote na hakuiacha mikononi mwa duka, anaichukua na kuondoka. Lakini kama aliiacha pale, akaenda kula au akarudi mjini kwake, silaha imeshaingia kwenye daftari la duka. Ili arudishiwe bunduki yake mwenyewe, lazima naye ajaze Fomu 4473 na apite ukaguzi. Watu hukasirika sana hapa. Bunduki yangu, nikaguliwe mimi? Ndiyo. Kama yeye mwenyewe ana zuio la mahakama alilolisahau, sasa hana bunduki na hana mnunuzi. Kaeni wote dukani mpaka jibu litoke. Likiwa la kusubiri, amueni palepale kama silaha inabaki au inarudi nyumbani.

Jibu likiwa zuri, yamebaki madogo. Fomu iliyojazwa siku moja na silaha ikachukuliwa siku nyingine inahitaji mpokeaji asaini tena Sehemu D siku ya kuchukua, kwamba majibu yake bado ni kweli. Kosa likionekana kabla ya makabidhiano, aliyekosea anapiga mstari, anaandika sahihi, anatia herufi za jina na tarehe. Mhudumu haruhusiwi kugusa Sehemu B. Likionekana baadaye, hutolewa nakala ya fomu na marekebisho hufanyika kwenye nakala. Bastola haitoki bila kufuli au kifaa cha usalama, hilo ni sharti la shirikisho kwa sheria iliyopitishwa 2005. Na mtu mmoja akipokea bastola mbili au zaidi kwa duka moja ndani ya siku tano za kazi zinazofuatana, duka linatuma taarifa kwa ATF. Msishtuke, ni taarifa, si shtaka.

Fomu hubaki dukani. Ukaguzi ukitoa jibu la endelea, FBI hufuta rekodi yake ndani ya saa 24. Duka likifungwa moja kwa moja, madaftari yake hupelekwa kwenye kituo cha ATF cha ufuatiliaji, Martinsburg, West Virginia. Kwa kawaida aliyetoa silaha hapewi nakala ya 4473, kwa hiyo ombeni risiti ya duka yenye tarehe, jina la duka, namba ya leseni yake, na mtengenezaji, modeli na namba ya silaha. Ihifadhini pale mnapohifadhi hati za nyumba. Bunduki ikiokotwa mahali pabaya miaka 12 baadaye, ufuatiliaji utaanza kwa mtengenezaji, utashuka hadi kwa mnunuzi wa kwanza wa dukani, na huyo akiwa ni wewe, mpelelezi atagonga mlango wako akiuliza iko wapi. Utampa karatasi hiyo, naye ataenda kuuliza dukani. Kama bima ya nyumba ilitaja silaha hiyo, ifuteni wiki hiyohiyo.

Nimefika mwisho wa niliyokuja nayo. Mwenye swali aanze kwa kutaja jimbo lake, jimbo la mwenzake, na kama ni bastola au bunduki ndefu.